Mama Upande wa Pili wa Skrini

Tulipokwenda Tukuyu kumzika babu, wanawake walitundika shuka ya kijani kwenye mlango wa jikoni ili mama akae karibu na msiba bila kukutana na jeneza la baba mkwe wake. Shuka ilikuwa imetoka kufuliwa, inanukia sabuni ya mche na moshi wa kuni mbichi. Upepo wa mvua ulipoisukuma ilijaa kama shavu, kisha ikanywea. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, na nikashindwa kupita. Rafiki yangu tuliyemaliza naye chuo, aliyekuwa amenisindikiza, akaninong'oneza, "Wewe nawe! Shuka tu hiyo."

Ni kweli, ilikuwa shuka tu. Lakini mimi ni mtu wa kulitafuna jambo mpaka libaki makapi. Mtu akinisalimu kwa sauti ya chini kuliko ya jana, nashinda nikijiuliza nimemkosea nini. Tangu nimalize masomo nimepata nafasi kubwa zaidi ya kujiuliza, na hofu zangu nyingi nimezifukuza kabla sijajua zilikotoka. Siku ile, vikombe vilipokwisha kugawiwa, nilikwenda kukaa nyuma ya migomba nikaamua kwamba hii sitaifukuza. Nitaifuata mpaka ilikoanzia, na ilianzia kwenye kitambaa cha rangi ileile, katika hospitali moja ya Mbeya, kabla sijafikia umri wa kuanza shule.

Wenzangu mliokulia miaka ile mtakumbuka unga wa njano, na lami mpya iliyokuwa ikiunguza nyayo mchana. Sisi tulikaa Igawa, kando ya barabara kuu. Baba alikuwa kambini Nyololo na kikosi cha barabara, akija nyumbani anapopata ruhusa. Babu, aliyemzaa baba, alishuka kutoka Tukuyu na mikungu yake ya ndizi kuja kumwona mwanawe, hakumkuta, akaamua kumsubiri. Tangu siku aliyofika, mama aligeuka kuwa mtu wa mlango wa nyuma. Babu akikohoa uani, mama anaacha mwiko ndani ya sufuria na kuingia chumbani. Babu akipita njiani, mama anaingia kwenye mahindi na kujifunika kanga kichwani. Chakula cha babu nilipeleka mimi. Hakuna aliyenieleza kwamba kwa sisi Wanyakyusa mke wa mtu hatazamani na baba wa mumewe, hasemi naye, wala hakai naye chumba kimoja. Nilidhani wanacheza mchezo wa kujificha, na kwamba babu ndiye asiyejua kutafuta.

Kisha nikapata surua. Vipele vilipokwisha kukauka ikaja homa ya pili, na kikohozi kilichonikaba kama mkono. Babu alinisikiliza kifua kwa sikio lake, akasimama, akasimamisha lori la mchele lililokuwa likielekea Mbeya. Alinipakata mbele kwa dereva. Mama alipanda nyuma, juu ya magunia. Kulikuwa na kidirisha nyuma ya kiti, na kila nilipogeuka niliona kipande cha kanga yake kikipigwa na upepo, uso sikuuona.

Hospitalini tulipokewa na sista mmoja mkubwa wa mwili, Mhehe wa Iringa, mwenye viatu vilivyosikika kabla hajafika. Alinitazama nilivyokuwa nikivuta pumzi kwa mbavu, akasema niingizwe chumba cha wagonjwa mahututi, kile kidogo kando ya meza yake.

"Nani anabaki na mtoto? Mmoja tu. Chumba hiki si cha ukoo."

Babu ndiye aliyekuwa amenipakata, kwa hiyo babu ndiye aliyebaki. Mama alisimama nyuma ya nguzo ya baraza. Nilinyoosha mkono kumwelekea, lakini babu alikuwa katikati, na mlango ukafungwa.

Chumba kilinukia spiriti na mpira. Kando ya kichwa changu palisimama mtungi wa oksijeni uliokuwa mrefu kunishinda, na juu yake chupa yenye maji yaliyokuwa yakitokota bila moto. Niliamini kwamba ndani ya mtungi ule mna mtu anayepumua, na kwamba tunashindana hewa, na kwamba yeye ni mkubwa kuliko mimi. Babu alikaa upande wa kulia, akinishika mkono. Mikono yake ilikuwa na nyufa nyeusi za utomvu wa ndizi, inanukia tumbaku. Ilijua kushika jembe na panga. Kijiko ilikuwa haijakizoea. Uji uliingia shingoni zaidi ya mdomoni, na mdomo wenyewe ulikuwa na vidonda. Nikafunga meno. Niliamua, kwa akili yote niliyokuwa nayo, kwamba sitameza kitu mpaka mama aje.

Mama akaja dirishani. Niliona kanga, jicho moja, mkono kwenye kioo. Babu akageuka kutema tumbaku kwenye kopo, kanga ikatoweka. Ilirudi baadaye, babu akasogea, ikatoweka tena. Niliyatafakari hayo siku ile kama ninavyotafakari mambo sasa, na nikafikia uamuzi: mama amenigawa kwa babu. Nimekuwa mzito na mgonjwa, amechoka kunibeba, na sasa anakuja kuchungulia kama babu ameridhika na alichopewa.

Babu naye alijaribu. Wakati wa kuona wagonjwa alitoka ili mama apate kuingia. Lakini mlango ulikuwa mmoja na ujia mmoja. Mama alimwona anatoka, akakimbia mpaka uwanja wa kufulia. Babu naye akazunguka kwa mbali, kwa upole, ili mkwewe apate njia. Walipokwisha kupishana kwa adabu zote hizo, saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha na sista amefunga mlango. Babu ndiye aliyekubaliwa kurudi ndani, maana jina lake ndilo sista alilolijua.

Sista hakujua lolote kati ya hayo. Alichokiona ni mtoto asiyekula na mama anayekimbia. Siku moja alitoka akamshika mama mkono, akamvuta mpaka mlangoni.

"Ingia! Mwanao huyu!"

Mama aliona mgongo wa babu. Alijifunika kanga uso mzima, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga toroli la dawa. Vyuma vikalia sakafuni. Sista akasonya.

"Mzee, nasikia kwenu Rungwe wanawake ndio wenye sauti. Huyu wa kwako mbona anakimbia kama kaona chatu?"

Babu hakugeuka. "Sista, huyo hakimbii," alisema. "Ananipisha."

"Anakupisha kwenda wapi? Umekaa!"

Babu akanisogezea kijiko cha uji. Na yeye hakutakiwa kumzungumzia sana mkwewe mbele za watu. Sista alinitazama, akaniwekea kiganja kifuani, akasema juu ya kichwa changu kana kwamba surua ilikuwa imeniziba na masikio: "Dawa inafanya kazi yake. Lakini huyu asipokunywa na asipokohoa atoe uchafu, Jumapili hatumfikishi."

Nilielewa kila neno. Nililielewa vizuri zaidi kwa sababu ya mtoto wa kitanda cha dirishani. Asubuhi ile walikuwa wamemletea skrini, ule ukuta wa kitambaa cha kijani unaokunjwa, wenye magurudumu yanayolia kama panya. Walimzungushia. Nilisikia watu wakiongea kwa minong'ono. Skrini ilipoondolewa, godoro lilikuwa limekunjwa na mtoto hayupo. Nikajua kwamba skrini ni mlango. Ukizungushiwa unatokea upande wa pili, na huko hakuna kurudi kuchukua viatu.

Yaliyofuata niliyasikia kupitia mlango uliokuwa umeachwa wazi kidogo, na mengine nimemwomba mama ayarudie mara nyingi tangu hapo, kiasi kwamba sijui tena sikio langu linakomea wapi na simulizi yake inaanzia wapi. Ilikuwa mchana, jua linaingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Mama alikwenda mwenyewe mpaka mezani kwa sista.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Leo umeamua kumwona mwanao?"

"Namwona kila siku. Dirishani."

"Mtoto haleleki dirishani, mama."

"Ndiyo maana nimekuja. Yule mzee ni baba mkwe wangu. Kwetu mimi sionani naye. Si kwamba nina ugomvi, ni heshima. Ungeniuliza ningekwambia siku ile ya kwanza."

Kisha sista akasema, kwa sauti iliyopungua, "Basi namtoa yeye, uingie wewe."

"Usimtoe."

"Sasa?"

"Mzee akitolewa kwa ajili yangu, nitamtazamaje mume wangu? Na huyo mzee hajalala tangu tufike. Mkono wa mtoto hajauachia. Mimi sitaki kubadilishana naye. Nataka kuingia."

"Wote wawili? Hapa ni mtu mmoja."

"Nipe lile pazia lenye magurudumu. Limesimama bure ukutani."

"Lile? Unajua lile huwa tunalitumia lini?"

"Najua," mama alisema. "Leo lifanye kazi nyingine. Na sheria yako haivunjiki, sista. Ukihesabu utaona mtu mmoja. Kila upande mmoja."

Nilisikia kiti kikiburuzwa, halafu viatu, halafu magurudumu.

Wenzangu, nimefanya mitihani, nimesimama mbele ya watu wazima wakinihoji kuhusu kazi, nimeiona hofu ya kila rangi. Ile ndiyo hofu iliyo mama wa zote. Kitambaa cha kijani kiliingia mlangoni, kikaja moja kwa moja kwangu. Nilitaka kumwambia babu awazuie, pumzi haikutosha. Sista alimhamishia babu kwenye kigoda cha miguuni. Skrini ikasimama kando ya kitanda upande wa kushoto, ikifunika kuanzia miguu hadi kifua, ikaacha mwanya kichwani pangu tu. Nikafumba macho ili nisione nikivuka.

Kwanza ilikuja harufu: moshi, mafuta ya mgando, na ule uvundo mtamu wa magunia ya mchele. Kisha mkono ukanifuta jasho juu ya nyusi, kwa kidole gumba, kuelekea sikioni, kama ulivyofanya siku zote. Nikawaza kwamba kumbe nimeshafika, na mama alikuwa ametangulia.

"Mbona umefumba macho?"

"Nimekufa?"

"Nani kakwambia? Fungua mdomo."

Uso wake ulikuwa pale kwenye mwanya, karibu kiasi cha kuona vumbi la barabara kwenye kope. Nilifungua mdomo. Uji ulichoma vidonda, nikameza.

Mama akaona kwamba nimelala chini mno kwenye mto. "Mwambie babu yako akusogeze juu," alisema.

Babu alikuwa miguuni pangu, hatua moja tu kutoka kwenye sauti ile. Alikuwa akiitazama dari kwa makini, kama mtu anayehesabu mbao.

"Mwambie," mama alirudia.

Nilivuta pumzi nyingi kuliko nilizokuwa nimevuta tangu Igawa. Kikohozi kikanishika, kikatoa kitu kizito. Mama akakipokea kwa kitambaa. "Babu," nikasema, "nisogeze."

"Eeh! Nimesikia, mjukuu wangu." Akaja, akanishika makwapa, akanisogeza huku uso ameuelekeza ukutani, akarudi kigodani. "Mwambie aliyesema, tayari."

Nikageuza kichwa kwenye mwanya. "Amesema tayari."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza duniani. Mama hakuweza kusema na babu, babu hakuweza kusema na mama, na kati yao nilikuwapo mimi na kifua changu kibovu. Kila jambo lilipitia kwangu. Mwambie babu akupake mafuta nyayo. Mwambie aliyesema, mafuta yamekwisha. Mwambie babu yapo kwenye kikapu, chini ya kanga. Walisikiana vizuri kabisa, lakini hakuna aliyeinua kidole mpaka nimelifikisha neno, na kulifikisha kulihitaji pumzi, na pumzi ilileta kikohozi, na kikohozi kilisafisha njia.

Sista aliingia, akasimama mikono kiunoni. "Mzee, si umesikia mwenyewe? Mbona unamchosha mtoto?"

"Mimi sijasikia kitu," babu alijibu. "Namsikia mjukuu wangu tu."

Sista alinitazama, akatazama kitambaa cha makohozi, akakitazama kikombe kilichobaki tupu. Jioni aliporudi na vidonge hakumpa mama wala babu. Aliniinamia mimi. "Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe, kama anavyosalimiwa mtu mzima. "Mwambie mama yako hivi avisage. Mwambie babu yako ashike taa ya dripu isiguswe."

"Dripu haina taa," nilimwambia.

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Alikuwa ananipima.

Siku iliyofuata walibishana kupitia kwangu. Babu alitaka nipewe mtori wa ndizi, mama alitaka uji uendelee. Nilipeleka ubishi huku na huku mpaka nikachoka, nikaona niutumie ukubwa wangu. Nikamgeukia babu. "Mama amesema uimbe."

Babu aliacha kunikanda miguu. Alijua kwamba mama hakusema hivyo. Mama alijua kwamba anajua. Babu akasafisha koo, akaimba wimbo wa kupalilia, kwa sauti mbovu iliyokwaruza, akipiga mdundo kwenye chuma cha kitanda. Kitambaa cha kijani kikaanza kutikisika. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga anacheka, na kicheko kilimshinda kikatoka puani. Babu aliposikia akaongeza ubeti.

Jumapili ilifika ikanikuta nimekaa, nanyonya chungwa. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtoto mwingine, wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, na mama yake alikuwa ameketi kando yake kwenye kibao. Hakuwa na skrini wala hakuihitaji. Sista alipita mara nyingi akamsalimu.

Siku ya kuondoka sista alitusindikiza mpaka barazani. Babu alikuwa ametangulia getini, mbali, akiangalia upande mwingine. Sista akamuuliza mama, kwa namna ya kuagana tu, "Haya, mama. Mmeridhika na sisi?"

Mama angeweza kusema ndiyo, asante, kama kila mtu. Alinihamisha kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

"Mtoto mmemtibu vizuri, na Mungu awalipe. Mimi mliniacha dirishani. Mwingine akija na haingii, sista, muulizeni kwanza kwa nini."

Sista hakukasirika. Alitazama viatu vyake. "Nimesikia," alisema. Kisha akanishika shavu. "Mwambie mama yako, nimesikia."

Nikamwambia.

Hayo ndiyo niliyoyafuata nikiwa nyuma ya migomba, na nilipoyafikia mwisho nikainuka. Niliingia jikoni kwa kupita kwenye shuka ile ya kijani, nikakaa karibu na mama. Nje walikuwa wanajiandaa kulibeba jeneza. Nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza katika kurudia kwetu kote.

"Mama, babu ulimjua sura?"

Alifikiri. "Usoni sikuwahi kumwona. Namjua mikono. Pale chini ya skrini palikuwa na nafasi, ilikuwa inaonekana ikikukanda miguu." Akanyoosha vidole vyake, akavikunja. "Ilikuwa na nyufa nyeusi."

Wanaume walianza kuimba uani. Mama akaniegemea bega. Sauti yake ilikuwa kavu na imetulia, kama ya siku ile mezani kwa sista.

"Mwambie babu yako nashukuru. Mwambie mtoto alikua."

Nilisimama. Nilipita kwenye shuka, nikawaomba waliobeba wasubiri, na kwa kuwa mimi huwa sisemi mbele za watu, walishangaa wakasubiri. Niliweka kiganja juu ya mbao. Nikavuta pumzi ndefu na kulifikisha neno, lote, kwa sauti ambayo mtu wa upande wa pili wa kitambaa angeisikia. Kisha nikasimama kidogo, kwa mazoea, nikingoja la kurudisha.

Jeneza lilipoanza kwenda nilirudi jikoni. Mama alikuwa ameinua uso ananingoja.

"Amesema tayari," nikamwambia.